Mrembo Aliyemeza Wanawe

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki jana lilifungia mandazi kabla hajalisoma, ngoja nimpange kwenye mstari.

Mimi ni Leonidas wa Majengo, Sumbawanga, mtunza stoo mstaafu wa shirika la umma ambalo siku hizi ni baa. Soko lilipoachiwa huru tukaambiwa kila mtu ajitafutie. Karani wetu akaingia kwenye mitumba. Mimi nikafuga samaki.

Si wa kula. Wa kutazama. Wanatoka kwenye mawe ya ziwa kule Kasanga, wadogo kama kiganja, wana mshipi mwekundu kiunoni. Huko Ulaya watu huwaweka sebuleni ndani ya kioo, wakawatazama jioni nzima badala ya kuzungumza na wake zao.

Nami nikaacha kuzungumza na wangu.

Maana ziwani ni joto, na Sumbawanga mwezi wa saba ni baridi ya kumfanya jogoo awikie ndani ya blanketi. Nimewahi kukamua ng'ombe wa jirani nikapata vipande vya barafu. Chumba chenye joto nyumbani kwangu ni kimoja tu, jiko. Nikajenga mahodhi kuzunguka mafiga, nikamhamishia mke wangu Kristiana barazani, apikie kwenye upepo.

Alivumilia kipupwe, akavumilia kingine. Safari hii akajitwika kikapu.

"Sikuachi," aliniambia. "Nakwenda Msanzi kuota moto kwa kaka yangu. Siku samaki wako watakapotoka jikoni, nitarudi. Lakini usiwamwage! Watoke wazima, mikononi mwa mnunuzi, nijue kuwa nilipigwa baridi kwa jambo lenye maana. Wakifia humo ndani, baba Redempta, nitajua nilifukuzwa na mizoga. Kaka atakuja kuchukua jiwe."

Jiwe ni la kusagia ulezi. Katika ukoo wao hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Likiwa ndani, mke yuko safarini tu. Likitoka mlangoni, padri atabaki na cheti chake, lakini mimi mke sina.

Shemeji Polikarp akaleta salamu: atakuja Jumapili baada ya Misa. Na Flavian, dalali kijana kutoka Dar es Salaam, akaleta zake: atapita Jumamosi, anataka jike lenye watoto mdomoni, kwa sababu samaki hawa mama hulelea mdomoni, na wateja wake wamechoka kununua warembo wasiozaa.

Tuliachana alfajiri ya hiyo Jumamosi, nimeinama juu ya hodhi. Malkia, jike langu jekundu kuliko yote, ametaga, ameyaokota mayai yote mdomoni. Nikapiga ishara ya msalaba. Kisha nikaona taya zake zinacheza.

Malkia alikuwa anatafuna.

"Zita!" nikapiga ukelele.

Dada yangu anakaa nyumba ya nyuma. Akaja mbio, mwiko mkononi.

"Nani kafa?"

"Malkia anameza watoto."

Akachungulia. "Mzuri kweli," akasema. "Uzuri wote huo, na tumboni kuna wanawe. Mmefanana, kaka. Na wewe umemeza mji wako."

"Si wakati wa utani, Zita."

"Nani anatania? Kesho Polikarp anakuja na kamba ya kufungia jiwe." Akaendelea kuchungulia. "Wote wako hivi?"

"Wote. Kila wakitaga, wanakula."

"Na wale wa kwanza uliowatoa Kasanga, walikuwa wanakula?"

"Wale? Wale hata pumba hawakugusa. Waliugua."

"Wakaugua nini?"

"Matubwitubwi."

Mwiko wa Zita ukashuka taratibu. "Samaki."

"Ndiyo. Mashavu yalivimba, taya ikaning'inia, wakakataa chakula, wakakonda mpaka mgongo ukawa wembe. Sura mbaya, Zita, huwezi kumwonyesha mteja. Nikawapaka masizi mashavuni kama tunavyowapaka watoto. Hawakupona."

"Uliwapaka samaki masizi. Ndani ya maji."

"Yalikuwa yanatoka. Nikawa narudia."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alikalia kigoda cha Kristiana, akanitazama kama watu wanavyomtazama mgonjwa aliyekatiwa tamaa na madaktari.

"Kaka," akasema, "wale walikuwa wamebeba watoto mdomoni."

Ndugu msomaji, nimewahi kuangukiwa na gunia la sukari kutoka safu ya juu kabisa ya stoo. Halikuniumiza vile.

Kila msimu nilichagua. Nilikaa na kikombe cha chai nikiwatazama kama mkwe anayechagua mchumba. Mwenye shavu bapa, tumbo la mviringo, mshipi mwekundu wa kung'aa, huyo nilimweka. Nikamwoza kwa kaka yake ili wekundu usitoke nje ya nyumba. Mwenye mashavu ya kuvimba na mwili uliokauka nilimtoa. Kumbe mwenye tumbo la mviringo ni yule aliyekwisha kuwameza wanawe. Aliyefumba mdomo akashinda njaa kwa ajili yao nilimwita mgonjwa. Mlaji nikampa jina la Malkia.

Kristiana naye alikonda kule barazani. Nilimwambia akapime malaria.

"Flavian anafika saa ngapi?" Zita akauliza.

Honi ikamjibu.

Sasa hapa msinihukumu haraka. Mtu anayezama hushika hata nyoka. Nikachota punje za mtama kibuyuni, nikamshika Malkia, nikamfungua mdomo kwa njiti ya kiberiti, nikamjaza. Nikamrudisha majini, mashavu yamevimba vizuri, mwenyewe kashangaa.

"Shikamoo, mzee wangu," Flavian akaingia anapuliza viganja. "Hii baridi yenu ina kibali cha serikali?"

"Marahaba, kijana. Karibu. Mama huyo hapo, amejaa."

Akainama. Uso ukamfunguka. "Aisee, mzee! Rangi hii sijaiona hata Kigoma." Akazamisha mkono, akamtoa Malkia polepole, akamlaza kiganjani kama kifaranga.

Malkia akakohoa. Punje tatu nne zikadondoka kiganjani mwa kijana.

Flavian akaokota moja. Akaing'ata.

"Mzee," akasema, "samaki wako amezaa ugali."

"Ni mbegu ya Ufipa, kijana. Ya baridi."

"Nikiipanda itaota mapezi?"

Zita akatoka nje. Nikasikia anacheka au analia, sijui mpaka leo.

Nikategemea kijana aondoke. Hakuondoka, na angeondoka ingekuwa heri. Alichukua beseni langu, akachota maji ya bomba, akaliweka uani, akatia warembo wangu kadhaa, Malkia akiwamo.

"Unafanya nini?" nikauliza.

"Kutoka hapa mpaka Mbeya ni mchana na usiku, nyuma ya gari. Laela baridi yake inakata masikio. Dar wakae, ndege wapande. Nataka kuona kama wanaweza kusafiri, au wanaweza kutazamwa tu."

Hata chai niliyomkaribisha haikupoa. Wa kwanza alilala ubavu. Wa pili akazunguka kama mlevi akitafuta mlango. Malkia alikuwa wa mwisho. Aligeuza tumbo juu, ule mshipi mwekundu ukang'aa kwenye jua, na nakuambia hata kufa alikufa kwa madaha.

"Pole, mzee," Flavian akasema, na hakuwa anatania tena. "Hawa wamelelewa kama mayai. Nalala gesti, naondoka kesho alfajiri. Ukiniletea walio wazima, wanaolea, hata wawe na rangi ya tope nitawachukua. Rangi haipandi ndege peke yake."

Akaondoka. Nikabaki uani na beseni la mizoga. Maneno ya Kristiana yakanirudia, neno kwa neno.

Zita alirudi anafuta macho kwa upindo wa khanga. "Wale wa matubwitubwi ulimpelekea nani?"

"Masanja. Kule Kizwite."

"Amewala?"

"Msukuma wa ng'ombe? Alisema atawatia kwenye hori la kunyweshea ng'ombe, ili wale ukungu wa maji."

Tukatazamana. Nikachukua baiskeli.

Masanja alikuja na mifugo yake kutoka Shinyanga, akapewa mahali pa kukaa pembeni mwa Kizwite, penye hori la saruji lililoachwa na mwenye shamba. Nilimkuta amekaa juu ya mzigo uliofungwa kamba, anasuka nyingine. Mizigo ilikuwa imejaa uani, magunia, masufuria yamepangwa moja ndani ya lingine. Niliviona. Macho yaliviona, kichwa kilikuwa ndani ya hori.

"Shemeji wa samaki!" Masanja akacheka. "Umetuletea wagonjwa wengine?"

"Wale wa kwanza wapo?"

"Watazame mwenyewe. Wamejaa kama sisimizi."

Hori liliegemea lundo la samadi linalofuka, na nadhani ule moshi ndio uliowavusha. Lakini upande wa pili, Mungu ananiona, maji yalikuwa na ngozi ya barafu ambayo ungeweza kuandikia barua. Chini yake walikuwa wanaogelea. Rangi ya masizi. Mshipi ulikuwa umebaki alama hafifu tu, kama doa la chai kwenye shati. Wanakwangua ukungu kwenye saruji kwa bidii, hakuna aliyewachagua ila baridi.

Karibu na ukingo palikuwa na jike moja baya. Baya kabisa. Pezi limeliwa, mbavu unazihesabu. Mbele yake kulikuwa na kiwingu cha vitoto, kila kimoja kama punje.

Ndama akaja kunywa. Akashusha pua majini.

Lile jike likafungua mdomo. Vile vitoto vikakimbilia ndani, vyote, vya mwisho vikisukumana mlangoni, na likafumba. Likasimama hapo hapo, mbele ya pua kubwa kuliko nyumba yake, halikimbii. Ndama akashiba, akaondoka. Jike likafungua mdomo tena, watoto wakatoka.

Niliketi juu ya samadi, mstaafu mzima, nikalia.

"Analia nini huyu?" mke wa Masanja, Sayi, akauliza kutoka mlangoni.

"Samaki wake wamependeza," Masanja akamjibu.

"Masanja," nikasema, "nilikuwa nachagua uzuri. Nimeangamiza nyumba kwa uzuri."

"Uzuri una kosa gani? Mimi nina jike la mabaka meusi na meupe pale, sijawahi kupata kikombe cha maziwa kwake. Namlisha kwa sababu nikimtazama moyo unatulia." Akavuta kamba, akaikaza. "Ila sijamlaza jikoni kwa Sayi."

Nikawaomba samaki. Masanja akanyoosha mkono kumwonyesha mkewe: mambo ya hori ni yake.

Sayi alishuka ngazi. Mwanamke mrefu, wa maneno machache na macho mengi. "Hori langu halijawahi kuwa safi hivi. Unanipa nini?"

"Sema wewe, mama."

"Lile jiwe la mama Redempta."

"Jiwe lipi?"

"Usijifanye mgeni. Niliwahi kula ugali wake. Unga wa lile jiwe unateleza kama maziwa. Mashine ya hapa kila siku dizeli imepanda, na mimi langu lilibaki kwetu."

"Jiwe hilo halitoki, Sayi. Ni la ukoo."

"Basi na samaki hawatoki. Ni wa hori."

Mwendo wa kurudi Majengo nilijadiliana na baiskeli. Jiwe likitoka, mke hana mahali pa kurudi. Samaki wasipotoka, mke harudi. Baiskeli haikusema kitu, ila mnyororo ulikatika, nikachukulia kuwa ndiyo maoni yake. Lakini akili ya mtunza stoo haifi. Mali ikitoka asubuhi na kurudi kabla ya ukaguzi, haijatoka! Nitalipeleka jiwe leo. Kesho alfajiri Flavian atachukua samaki, atanilipa. Wakati Polikarp yuko kanisani, nitakimbia Kizwite, nitamwekea Sayi mkononi chochote atakachotaka, nitarudisha jiwe mahali pake. Polikarp atakuta jiko jeupe, jiwe limekaa, shemeji ametabasamu.

Zita aliponiona nalifunga jiwe kwenye keria kwa mpira, akasimama njiani.

"Kaka, hapana."

"Ni la kuazimisha tu. Mpaka kesho."

"Umewahi kuazimisha jiko, kaka. Mpaka leo."

Nikampita. Kwa haraka zangu nikasahau juu ya rafu lile jiwe dogo la mkononi, linalosukumwa juu ya kubwa, ambalo Kristiana huliita mtoto.

Sayi alipitisha kiganja juu ya jiwe, akaridhika. Nikamwambia nitamletea na lile dogo.

"Baki nalo," akasema. "La mkononi nitaokota huko tuendako."

Huko tuendako. Nilisikia. Nilikuwa nimeshika ndoo, navua lile jike baya kwa khanga iliyochakaa, naogopa lisifungue mdomo. Maneno yalipita masikioni kama upepo kwenye tundu la choo.

Jumapili alfajiri Flavian aliwatia kwenye beseni uani. Tukanywa chai. Tukanywa ya pili. Walikuwa wanazunguka tu, wanakwangua kuta za beseni kana kwamba wanadai.

"Mzee," akasema, "hawa wana sura ya wadai wa kodi."

"Unawachukua?"

"Wote. Na huyu mama atakaa mbele na mimi."

Nilisimama barabarani mpaka gari likapotea. Wametoka! Wazima, mikononi mwa mnunuzi, kama alivyosema. Nikavunja mahodhi kwa shoka, nikafagia jiko, nikatandaza udongo mpya kuzunguka mafiga. Kengele ya kwanza ya kanisa ikalia nikiwa nimeshapanda baiskeli.

Kizwite. Lundo la samadi lilikuwa bado linafuka. Hori lipo, maji yametulia.

Watu hapana.

Hapakuwa na ng'ombe, wala magunia, wala sufuria. Mbwa mmoja tu aliyeachwa, au aliyechagua kubaki. Kwato zilikuwa zimekanyaga njia pana kuelekea kwenye mteremko, bonde la Rukwa.

Mwanamke aliyekuwa anachuma mboga jirani akainua kichwa. "Unamtafuta Masanja? Wamehama usiku wa manane, wapite mteremko kabla ya jua. Mbona walikuwa wanafunga mizigo tangu juzi, hukuona?"

"Na samaki wa kwenye hori, walisema watawafanyia nini?"

"Samaki? Sayi alisema anayewataka leo na aje achukue. Nani abebe samaki na hori huko bondeni?"

Ndugu zangu. Ningelala tu. Ningelala usingizi wangu, nikaamka, nikaja na ndoo, nikawapata bure.

Niliendesha kurudi sioni njia. Kengele ya mwisho ya Misa ilishalia zamani. Niliwaza kusema jiwe limepasuka. Niliwaza kusema limeibiwa, siku hizi watu wanaiba hata nyaya za simu. Niliwaza kuendelea kunyoosha mpaka Zambia.

Nje ya nyumba yangu alisimama Polikarp, suti ya kanisani, kofia mkononi. Kamba hana. Alikuwa anatabasamu.

"Shemeji!" akaniita. "Alfajiri, tukija Misa, tumekutana na yule kijana wa Dar pale kituo cha mabasi, anajaza mafuta. Ametuonyesha yule samaki mama. Kristiana alimtazama mpaka gari likaondoka. Akaniambia, kaka, hakuna haja ya kamba, nipeleke nyumbani."

Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Jikoni, si barazani.

Nikaingia. Mke wangu alikuwa amepiga magoti karibu na mafiga, amekonda, anapendeza kuliko nilivyokumbuka, ungo wa ulezi pembeni, uso umepata joto. Mbele yake sakafuni palikuwa na alama tu, shimo la mviringo ambapo kitu kizito kilikaa miaka mingi.

Alikuwa ameshika lile jiwe dogo kwa mikono miwili, anapapasa ile alama kwa kisigino cha mkono. Zita alikuwa amesimama kwenye kona, anatazama ukuta.

"Baba Redempta," Kristiana akasema, taratibu, bado hajaacha kutabasamu. "Huyu mtoto, mama yake yuko wapi?"

Polikarp akaingia nyuma yangu, akasimama mlangoni.

Nikafungua mdomo. Nikaufumba.